Mafowadi Saba na Nyama ya Jubilei

Jumanne, 8 Julai

Mwangaluka, msomaji wangu. Bwana asifiwe! Hujambo? Kifua kinaendeleaje na hili vumbi? Sisi huku Bariadi wazima, ila vikohozi. Mke wangu Nyamizi anasema shajara ni siri, haisalimii watu. Nimemwambia siri isiyo na msomaji ni upweke tu.

Nikwambie lililopo. Jumamosi ni fainali ya mpira, zawadi dume la ng'ombe. Jumapili ni jubilei ya kwaya yetu, miaka ishirini na mitano. Mimi ni mzee wa kanisa, tena ndiye kocha. Basi juzi wakati wa matangazo nilisimama, nikasema nyama ya jubilei isimsumbue mtu, dume linakuja. Vigelegele kanisa zima! Mchungaji akauliza, na mkifungwa? Nikajibu kwa imani: tukifungwa, achinjwe Tulizo, mmoja wa maksai wangu wawili wa kulimia. Katibu akaandika. Nyamizi hakupiga kigelegele.

Hatufungwi. Nina mafowadi saba! Mkubwa wao Luhende, kutoka Mwanza, nywele rangi ya dhahabu, glovu mkononi kwenye jua hili. Wote wanalala kwangu. Wanakunywa maziwa kuliko ndama. Beki wa kweli ninaye mmoja, Josia, mlinzi wa kanisa, miaka arobaini na saba. Anatosha. Robo fainali tulishinda saba kwa sita, nusu fainali nane kwa saba. Nyamizi anasema huko siyo kushinda, ni kuponea.

Jumatano, 9 Julai

Mechi ya kirafiki na wavuvi wa Kalemela. Tumefungwa tisa kwa sita. Wavuvi!

Mpira ukipotea, mastaa wangu wanasimama mikono kiunoni, wanautazama unavyokwenda kama basi lililowaacha. Nikamwita Luhende pembeni. Nikamwomba kwa upole, akinyang'anywa mpira amkimbilie aliyeuchukua. Akanijibu eti baba, mimi sikuletwa kukaba, nimeletwa kumalizia. Nikauliza, sasa akabe nani? Akageuka, akamwona Josia kule mbali anapumulia mdomo, akasema, si yule pale.

Baada ya chakula nikawahubiria juu ya mtumishi mwaminifu. Walisema amina kwa nguvu. Lakini amina ya mastaa haina miguu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefunuliwa! Nilikuwa namnywesha Tulizo maji, wazo likanijia. Ng'ombe asiyejua jembe hafundishwi kwa mahubiri. Unamfunga nira moja na maksai mzoefu. Mzoefu akivuta, naye anavuta. Akigeuka, naye anageuka. Siku chache tu, kazi anaijua. Babu alifanya hivyo, baba alifanya hivyo. Binadamu ana nini?

Nikabeba nira hadi uwanjani. Luhende akagoma, eti itamharibia nywele. Basi kamba ya katani, kiuno kwa kiuno, yeye na Josia. Wale sita nikawakalisha watazame, maana hata ng'ombe hujifunza kwa macho.

Josia akakimbia, Luhende akaburutwa. Akainuka, akaburutwa tena. Mara ya tano akakimbia mwenyewe. Akakaba! Machozi yalinitoka.

Hapo akapita Mayige. Huyu ni kocha wa makuli wa kinu cha pamba, ndio tunaokutana nao fainali. Akasimama, akacheka mpaka akashika mti. Akanipazia sauti, ngosha Ndaki, mvua bado, unalima nini? Nimemsamehe. Nimemsamehe mara mbili, kwa kuwa ya kwanza haikushika.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi walivuta sawasawa. Saa nne, hakuna aliyevuta. Nikadhani kamba imenasa. Wapi! Mpira umepotea, Luhende mikono kiunoni, na Josia mikono kiunoni!

Nikapuliza filimbi mpaka mate yakaisha. Josia akanijia taratibu, akimvuta Luhende nyuma yake. Akasema eti kijana amemfumbua macho. Miaka thelathini anakimbilia mipira iliyopotezwa na wenzake, hajabebwa juu hata siku moja. Kuanzia leo anataka jezi namba kumi. Akaniuliza pia ile rangi ya nywele inauzwa wapi.

Nimempa jezi, ili kuwe na amani kambini. Ukitazama kwa imani, nimeongezewa fowadi wa nane.

Nyamizi akauliza, kwenye ile kamba, mzoefu alikuwa nani? Nimemwomba asiingilie mambo ya ufundi.

Jumamosi, 12 Julai

Uwanja ulijaa. Dume lilifungwa nyuma ya goli, jeupe, nundu kama kigoda. Nililiombea kabisa, liwe laini.

Dakika ya kumi, mbili bila! Luhende kafunga kwa tikitaka. Nikapiga magoti.

Halafu makuli wakaamka. Wale mpira hawaujui, nasema kweli mbele za Mungu. Ila wamezoea marobota. Robota likiponyoka, wanne wanalirukia bila kuitwa. Kila tukigusa mpira, wanne! Tukitoa pasi, wanne wengine! Tukipokonywa, mastaa wangu nane wananyoosheana vidole kama mashahidi wa kesi ya ardhi. Kipa wetu Mabula analia, Josia! Josia! Josia yuko mbele, anaomba pasi, kichwa cha dhahabu.

Tulifunga manne, yote mazuri. Wao tisa, yote mabaya. Moja la goti. Moja la mgongo, aliyefunga hata hakujua.

Mayige akanipa mkono. Akasema mabao yenu matamu kweli, mngeyapiga picha. Akaondoka na dume.

Jumapili, 13 Julai

Tulizo kachinjwa saa kumi na mbili asubuhi. Sikuangalia. Kwaya imeimba vizuri sana, na sauti ya nne haikupotea. Nimekula kidogo, kwa heshima. Nyamizi hakugusa. Alisema mvua zikija, maksai aliyebaki hawezi kulima peke yake, na yeye anamjua atakayekaa upande wa pili. Akanitazama shingo.

Luhende kaomba aongezwe ini.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefunga na kuomba hadi mchana. Jibu nimelipata, na ni hesabu ya darasa la pili. Wao tisa, sisi manne. Ili tushinde, tumepungukiwa mabao sita. Je, beki anafunga mabao? Hafungi. Kwa hiyo kukaba hakujawahi kuwa tatizo! Tulikosa tu mafowadi wawili, wa mabao matatu kila mmoja.

Mwezi ujao kuna mashindano Malampaka, zawadi madume mawili. Moja nimeshaliahidi kwa sikukuu ya mavuno, la pili litalima. Mchungaji akauliza, na mkifungwa? Nikamtaja maksai aliyebaki. Katibu ameandika. Nyamizi hajaambiwa bado, namtafutia siku nzuri.

Mabula naye ameomba kucheza mbele. Nimemkubalia, kijana ana shuti.

Nimebakiza nafasi moja. Basi msomaji wangu, kama huko uliko unamjua fowadi yeyote, hata mzee, hata asiyekimbia, nijibu upesi. Ikiwezekana kabla ya Ijumaa.