Themostati ya Ngui Iliyokataa Kuwa Bandia

Ngui alikuwa ananunua matumbo kwenye bucha ya Koinet pale Kitengela aliposikia mwenye bucha akitukana bili ya stima. Koinet alikuwa na chumba cha baridi cha kutosha ng'ombe thelathini, na roho isiyotosha kumwongezea mteja kipande cha mfupa. Watu wa aina hiyo Ngui aliwapenda sana. Walikuwa shamba lake.

"Supa, mzee," Ngui alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Unataka nini?"

"Kukuokoa. Mimi ni injinia."

Injinia wetu stima aliijua kwa kupigwa shoti tu.

"Nyinyi wenye biashara kubwa, bei ya stima inapanda na kushuka," alisema. "Niko na themostati yenye akili. Bei ikishuka, inagandisha nyama kabisa. Bei ikipanda, inalala, nyama inajikimu kwa ile baridi ya kwanza."

"Inajuaje bei?"

"Iko na intaneti, mzee."

Koinet, ambaye hakumwamini hata mkewe na ufunguo wa droo, aliiamini intaneti papo hapo.

Ngui akaenda kwa Nzisa, msichana fundi wa simu nyuma ya soko. "Nitengenezee kisanduku kiko na taa ya kijani. Iwe inapepesa."

"Na ndani?"

"Ndani weka hewa."

"Kwani haifai kufanya kazi?"

"Nani amesema ifanye kazi? Unataka kuniharibia biashara?"

Nzisa aliipokea kazi. Alikuwa amesomea mambo ya umeme, na kwa miaka miwili Kitengela ilikuwa imemletea vioo vya simu vilivyopasuka tu. Usiku huo usingizi ulimruka. Alichukua wiki nzima akaitengeneza ile themostati kweli kweli, ya kusoma bei na kupima baridi. Hakumwambia Ngui, kwa sababu Ngui hakuuliza.

Ngui aliifunga ukutani kwa madaha ya daktari wa upasuaji, akalipwa pesa yote, na jioni hiyo hiyo akatorokea mji wa Kimana, mbali kusini. Kwa hesabu yake, nyama ingeoza siku ya tatu.

Wiki ya pili rafiki alimpigia. "Koinet anakuulizia kila mahali."

Ngui akahamia Rombo ya Kenya. Mpaka uko karibu, na Tanzania haijui sura yake. Lakini mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko akili, na kila muuza nyanya alishajua kuna injinia mgeni mjini. Asubuhi moja pikapu ikasimama mbele ya hoteli alipokuwa akinywa chai. Koinet akashuka, rungu mkononi.

Ngui alipiga magoti kabla ya salamu.

"Mzee, nisamehe! Ni uongo! Mimi si injinia, hata sijui iko na nini ndani. Ni Nzisa aliitengeneza, yule msichana fundi wa simu pale nyuma ya soko!"

Koinet alilaza rungu begani. Angeweza kusema alichokuwa amekuja kusema. Lakini Koinet ni Koinet.

"Rudisha pesa yangu."

Ngui alituma yote kwa simu.

"Sasa namba ya huyo msichana."

Akaitaja, bila kudanganya hata tarakimu moja. Koinet akapiga pale pale.

"Nzisa? Mimi ni Koinet wa bucha. Msichana wangu, ile themostati imeshusha bili karibu nusu. Ndugu zangu wanataka nane, na malipo ya kwanza niko nayo mfukoni. Hapana, Ngui hatumhitaji."

Akapanda pikapu akaenda. Mhudumu alikuja kuondoa kikombe, akamkuta Ngui bado amepiga magoti, akihesabu kwa vidole bei ya themostati nane.