Shangazi Tuliyemlilia Akimenya Ndizi

Jumatatu, 10 Juni 1974, Muleba

Tumbo limekuja alfajiri, bila hodi. Si lile la wasichana wengine la kulalamika kidogo likaisha. Langu hushika kiuno, likashuka mapajani, likanisokota kama nguo inayokamuliwa. Mganga mmoja alinipa aspirini akaniambia niolewe, litapona. Nikamjibu nilishaolewa, tena Kampala, na aliyeondoka ni mume, si tumbo.

Tatizo ni kazi. Mimi ndiye karani wa mizani kwenye ghala la kahawa, na toka hapa mpaka Bukoba hakuna mwanamke anayesoma mizani kama mimi. Ili nilale siku za tumbo, kila mwezi huwa namzika ndugu. Aprili mjomba. Mei binamu. Leo meneja, Ta Karugendo, amesema kwa upole kwamba ukoo wetu unakwisha, na taifa halitaki kupe. Nikikosa tena, kiti changu ni cha Datius. Datius mbeba magunia alikuwa karibu, anakitazama kile kiti kama anakipimia makalio.

Jumanne, 11 Juni

Akili ya Kampala imefanya kazi. Chupa ya bia, maji ya moto, kizibo cha jani la mgomba. Nikaifunga tumboni, ndani ya gauni. Maumivu yakalegea. Nilipima kahawa nikitabasamu. Wakulima wakadhani nimepata mchumba.

Kisha nikainama kusoma mizani. Kizibo kikachomoka. Maji yote kwenye gunia la kahawa ya maganda, kavu kabisa! Na mimi ndiye ninayewafukuza wakulima wanaolowesha kahawa ili iongezeke uzito. Nimewatukana msimu mzima. Datius akatangaza kwamba karani analowesha mali ya ushirika. Ta Karugendo akapapasa gunia, akauliza maji haya yametoka wapi.

Nikasema ni machozi. Shangazi yangu Kokuberwa wa Buganguzi amefariki.

Datius akauliza machozi gani yanatoa mvuke. Nikamwambia hajawahi kupenda shangazi.

Jumatano, 12 Juni

Sikujua ghala zima linanipenda. Asubuhi nimekuta lori mlangoni, mikungu ya ndizi, mtungi wa lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kinamama wamejifunga vitenge vya msibani. Ta Karugendo akasema safari hii hawaniachi nizike peke yangu. Nimelia njia nzima, na machozi yalikuwa ya kweli: lori lile, na tumbo hili.

Buganguzi, shangazi alikuwa uani anamenya ndizi. Wenzangu wakaangua kilio kabla hawajamwona vizuri. Naye, mtu wa huruma, akaweka kisu chini akalia pamoja nao. Halafu akauliza aliyekufa nani.

Datius ndiye aliyemjibu. Kwa furaha.

Nikakaa chini, nikajikunja. Shangazi akanitazama, kisha akawageukia. Akasema huyu Georgina tumbo humkata kila mwezi tangu avunje ungo, mpaka hutapika. Mwongo ni mwongo, akasema, nimemlea mwenyewe. Ila ugonjwa wake si wa uongo.

Ta Karugendo akavua kofia. Akasema polepole kwamba mkewe Alistidia naye hujikunja hivyo hivyo, na yeye amekuwa akimwita mvivu. Akaamua siku za tumbo nichambue kahawa nimeketi, na chupa yangu nisiifiche. Nimwambie ukweli tu, basi.

Datius akashusha ndizi. Shangazi akazipika. Tumekula msiba wake vizuri. Mwenyewe aliongeza sahani.

Jumatatu, 8 Julai

Tumbo limerudi. Ta Karugendo amenikuta nimeshika ukuta. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama baba, kama ni lile jambo.

Lilihitajika neno moja tu, ndiyo. Lakini mlangoni wamejaa wakulima, Datius ametega masikio, na mimi ni mtu niliyeona Kampala. Mdomo ukajisemea wenyewe kwamba ni msiba. Bibi wa Rubafu. Akauliza bibi yupi, maana Rubafu ndiko kwa wakwe zake. Nikataja jina la kwanza lililonijia: Ma Kokwijuka.

Ndiye mama mkwe wake.

Alistidia analia tangu mchana. Lori linaondoka kesho asubuhi, nami nimewekwa mbele pamoja na wafiwa. Nimeshaandaa chupa. Safari hii nimetengeneza kizibo cha gunzi, hakichomoki.