Mia Nne na Kumi na Wawili Waliofikiwa

Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, kati ya tangazo la mwavuli uliosahaulika chooni na tangazo la sadaka ya pili, Ushirika wa Neema wa Waafrika Mashariki walioko Doha ulipewa habari kubwa. Kuanzia siku hiyo ungekuwa na Kamati ya Kudumu ya Huduma kwa Wanamichezo wa Vibao, Ardhini na Thelujini. Waumini waliombwa wasimame. Walisimama bila ubishi, maana ukumbi wa Abu Hamour wanaupata kwa saa chache tu na kila mtu alitaka mambo yaende.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Japheth, alieleza kwa kirefu. Yeye ni afisa utumishi katika kampuni ya usafi, na hajawahi kusema "kesho" mahali ambapo angeweza kusema "katika awamu ijayo ya utekelezaji". Alikuwa ametazama mtandaoni video ya watumishi wa Mungu wa nchi za baridi. Watumishi hao huwahubiria vijana wanaoteleza juu ya ubao wenye magurudumu manne, na wengine juu ya ubao usio na gurudumu hata moja, kwenye theluji. Vijana hao wana nywele mbaya, alisema Mzee Japheth, lakini wana roho. Je, Doha iachwe nyuma? Ukumbi ukajibu kwamba Doha isiachwe.

Kwamboka, binti wa Nyamira, mlinzi katika hoteli moja kubwa karibu na ufukwe wa Corniche, aliteuliwa kuwa katibu bila kuulizwa. Muhtasari ulitoa sababu: ndiye muumini pekee mwenye "uzoefu wa kiutendaji na walengwa". Uzoefu wenyewe ulikuwa wa kuwafukuza. Ngazi za hoteli ile ni za marumaru, pana na laini, na kila jioni vijana wa vibao huja kuzirukia, naye Kwamboka analipwa mshahara ili wasizirukie.

Angeweza kukataa. Alikubali kwa sababu ya Eugene.

Eugene ni kijana wa Kitale anayetengeneza kahawa katika mkahawa ulio nyuma ya hoteli, na zamani ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kwaya. Mama yake Kwamboka alipofariki, kampuni ilisema likizo ni Machi, basi Kwamboka akamzika mama yake kwa simu, amekaa kwenye benchi la bustani. Ile simu ilimponyoka mara mbili. Eugene aliishika kwa mikono yake miwili, saa mbili na nusu, mpaka koleo la mwisho la udongo. Kwamboka hajasahau, wala hana mpango wa kusahau.

Sasa huyo Eugene alikuwa na miezi minane hajakanyaga kanisani. Ijumaa moja alifika na kibao chake kwapani, maana ndicho kinachomtoa kituo cha metro mpaka ukumbini bila gharama ya teksi. Mzee Japheth akamsimamisha mlangoni, akamkumbusha kwamba hata punda wa Bwana Yesu hakuingizwa hekaluni. Eugene akasema kibao cha kwanza alikiacha nje kikaibiwa. Mzee akasema utaratibu ni utaratibu. Kijana akageuka akaenda zake, na ngoma ikarithiwa na ndugu mmoja anayeipiga kama anaua mende. Kwamboka aliamini kwamba kamati ya vibao, ikiwa na akili hata kidogo, itamrudisha rafiki yake.

Kamati ilianza kazi kwa ari. Kikao cha kwanza kilijadili jina. Cha pili kilijadili muhuri. Cha tatu kiliunda Idara ya Theluji, na kwa kuwa hata mvua ilikuwa haijanyesha tangu masika, iliamuliwa idara ianze na mtu mmoja. Akapewa Herbert, dereva Mganda wa lori la samaki wa barafu kutoka Al Wakrah, kwa sababu alikuwa amezoea baridi. Herbert ni mtu mwaminifu. Kila mwezi aliwasilisha taarifa kwa maandishi: "Hakuna theluji iliyoonekana. Hakuna kijana aliyepotea ndani yake." Taarifa ilipokelewa kila mara kwa makofi.

Kikao cha nne kilizingatia kwamba katika nchi hii dini yetu haihubiriwi barabarani, na kwamba hakuna mjumbe aliyetamani kusindikizwa uwanja wa ndege. Ikaamuliwa kuwa huduma haitamfuata kijana. Kijana ndiye ataifuata huduma, akiwa amejaza fomu ya kurasa sita. Fomu ilitaka ushuhuda wake, kundi lake la damu, na barua ya mzee wa kanisa anayemfahamu kwa muda usiopungua miaka mitano. Mpaka Desemba inaisha hakuna aliyekuja kuichukua.

Hapo ndipo Kwamboka aliponyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kuna ile lami iko nyuma ya ukumbi. Ibada ikiisha tuwaachie saa moja tu. Waje na vibao vyao, wacheze, tuwape chai. Mwenye kutaka kuongea ataongea."

"Lami gani?"

"Pale unaegesha gari yako, mzee."

Wajumbe wakaangalia karatasi zao.

"Dada katibu, wazo ni zuri sana," alisema Mzee Japheth. "Changamoto ni kwamba lami hiyo ina matumizi."

"Matumizi gani?"

"Gari."

Pendekezo likapelekwa kwa Kamati Ndogo ya Lami, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mwenye gari.

Januari ikaleta barua kutoka Baraza la Wazee, lililo juu ya kamati zote. Baraza lilitaka kujua, kwa tarakimu, kamati imewafikia vijana wangapi. Mzee Japheth alisoma barua hiyo mara tatu na jasho likamtoka, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. Akamwita Kwamboka pembeni.

"Hivi kule kazini, ukiwatoa wale vijana, unaandika mahali?"

"Naandika kwa kadaftari kangu, mzee, kabla sijajaza kitabu cha kampuni. Tarehe, saa, nani, hatua iliyochukuliwa."

"Unaongea nao?"

"Nawaambia watoke."

"Uso kwa uso?"

"Sasa nitawaambia nikiwa wapi, mzee?"

"Kwa upole?"

"Ndiyo. Hoteli inataka upole."

Mzee Japheth alifumba macho kama mtu anayepokea neno kutoka juu. Kikao cha dharura kikapitisha tafsiri rasmi: kumfikia mtu ni kuzungumza naye uso kwa uso, kwa upole, kuhusu mwelekeo wake. Kuonyeshwa njia ya kutokea kulikubaliwa kuwa ni mwelekeo.

"Lakini mzee, hao niliwafukuza," Kwamboka alisema.

"Wewe unaona kufukuza. Kamati inaona mawasiliano."

Wakahesabu. Kulikuwa na mjadala mfupi kuhusu mama mmoja aliyekuwa akiburuta sanduku la safari, na kamati ikaridhia kwamba magurudumu ni magurudumu. Jumla ilikuja mia nne na kumi na wawili. Mzee Japheth akaiandika kwa wino mwekundu na chini yake akaweka muhuri.

Jioni ya Jumatano Kwamboka alimkuta Eugene kwenye ngazi kama kawaida, kofia kaigeuza nyuma.

"Niaje sista. Leo unanitoa saa ngapi?"

"Saa hii. Supavaiza ako kwa kamera."

"Nipe moja tu ya mwisho."

"Moja."

Eugene akasukuma, akaruka ngazi nne, akatua kwa miguu yote miwili na kibao kiko chini yake. Kwamboka alifurahi, kama alivyofurahi kila mara, kisha akatoa daftari akaandika.

"Eugene, kuna kitu lazima nikwambie. Kila nikikutoa hapa, huko kanisani wanaandika umefikiwa na huduma."

Eugene alicheka mpaka akakaa chini kwenye marumaru.

"Nimefikiwa mara ngapi?"

"Thelathini na saba na hii ya leo."

"Manze! Hata Paulo alifikiwa mara moja tu na akaokoka." Akafuta machozi ya kicheko. Halafu kicheko kikamwishia. "Na hizo siku zote, sista, kuna mtu aliuliza mbona siku hizi siji?"

"Mimi niliuliza."

"Wewe najua. Nauliza wao."

Kwamboka akafunga daftari. Alikuwa ameandika mihtasari kumi na moja, na jina la Eugene halikutajwa hata katika mmoja.

"Kuja Ijumaa," alisema. "Taarifa inasomwa mbele ya Baraza."

"Nikikuja, nakuja na hii bodi yangu."

"Kuja nayo."

Ijumaa ikafika. Baraza liliketi meza ya mbele, na katikati yake Mama Virginia, muuguzi, ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akiwasikiliza wagonjwa wakimwapia kwamba dawa wamemeza. Herbert alitangulia kutoa taarifa ya theluji, ikapigiwa makofi. Kisha Mzee Japheth akasimama, akataja mia nne na kumi na wawili, na ukumbi mzima ukaguna kwa mshangao. Mtu mmoja nyuma akasema haleluya.

"Mia nne na kumi na wawili," Mama Virginia alirudia. "Na hapa leo wako wangapi?"

"Mama, kuwafikia ni jukumu letu. Kufika ni jukumu lao."

"Sawa. Na mliwafikiaje?"

"Katibu atafafanua."

Kwamboka alikuwa na vitu viwili mkononi. Kimoja ni karatasi aliyoandikiwa na Mzee Japheth, imejaa maneno kama "mkabala shirikishi". Cha pili ni lile daftari lake. Akisoma daftari, kamati imekwisha, na lami imekwenda nayo, naye mwenyewe ataaibika maana tarakimu zile zilitoka kwake. Akisoma karatasi, Eugene atabaki kuwa namba mpaka mwisho wa dunia. Kwamboka akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Alifungua daftari akasoma kwa sauti yake ya kazini.

"Tarehe tatu Oktoba, saa kumi na moja jioni, ngazi za mbele. Eugene, kibao kimoja. Ameambiwa aondoke. Ameondoka. Tarehe sita Oktoba. Eugene. Ameambiwa aondoke. Ameondoka. Tarehe saba. Wafilipino wanne, vibao vinne. Wameambiwa waondoke. Wameondoka. Mama mmoja, sanduku moja. Alikuwa anatafuta mapokezi. Ameonyeshwa. Tarehe kumi. Eugene. Ameambiwa aondoke."

Watu walicheka mwanzoni. Eugene wa tano walimcheka zaidi kuliko wa kwanza. Alipofika kwa Eugene wa kumi na tano hakuna aliyecheka tena, na dada mmoja wa kwaya alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Japheth alikohoa kwa namna ya kumaliza ajenda. Kwamboka akaendelea mpaka wa thelathini na saba, ndipo akainua macho. Mlangoni alisimama Eugene, na nyuma yake Wafilipino watatu, kila mmoja na kibao chake, na mshika mlango amewawekea mkono kifuani.

"Na leo," Kwamboka alisoma, ingawa daftarini hapakuwa na kitu, "saa nne na nusu, mlango wa ukumbi huu. Eugene, kibao kimoja. Anaambiwa aondoke."

Ukumbi wote ukageuka. Mshika mlango aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaushusha. Eugene akaingia na wenzake, wakakaa viti vya nyuma, vibao miguuni.

Mama Virginia alivua miwani.

"Baraza limeelewa," alisema. "Njia hii ina nguvu kweli. Kijana ameipata mara thelathini na nane na bado amekuja. Mimi sijui ni mzee gani hapa angerudi mara ya pili."

Mzee Japheth akaanza kutabasamu.

"Kasoro ninayoiona ni ya usawa. Huduma wamepewa vijana peke yao. Sisi viongozi hatujafikiwa hata mara moja."

Mzee Japheth akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa yeye hukubali kila penye neno usawa.

"Basi Baraza linaagiza ianze leo, ianze na mwenyekiti, na ianzie pale kwenye lami ambayo mihtasari inasema ina matumizi. Katibu atekeleze. Wanaounga mkono?"

Mikono ikapanda. Herbert alinyoosha miwili, mmoja wake na mmoja wa Idara ya Theluji. Mzee Japheth naye alikuwa ameshainua wa kwake nusu kabla ya kuelewa ni nini kinapitishwa, na Mama Virginia akahesabu nusu hiyo.

Saa tano na dakika ishirini, Kwamboka alisimama kando ya gari jeupe nyuma ya ukumbi, mikono nyuma, kisigino kwa kisigino. Mzee Japheth alikuwa ndani, kioo kimeshuka.

"Samahani mzee. Hapa hairuhusiwi kuegesha. Naomba usogee."

"Kwamboka, unajua unaongea na nani?"

Akafungua daftari. "Naomba jina kamili, mzee, kama lilivyo kwa kitambulisho."

"Hii ni dharau!"

"Naelewa, mzee. Wengi husema hivyo. Njia ya kutokea ni ile pale."

Mzee Japheth akawatazama wazee wenzake. Wazee wenzake walikuwa wanakunywa chai. Akawasha gari, akatoka polepole, akaenda kuliacha mbali, kwa kuwa Ijumaa saa hizo nafasi hazipatikani kirahisi. Alirudi kwa miguu baada ya robo saa, koti begani, shati limemganda mgongoni, akakuta lami inanguruma kwa magurudumu na Eugene yuko mbele, anapiga duara kubwa, anacheka. Chai ilikuwa upande wa pili. Mzee alitaka kukatiza katikati, Kwamboka akamnyooshea kiganja.

"Subiri kwanza mzee, vijana wapite."

Akasubiri.