Jinsi Nilivyompunguza Babu wa Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Studio yetu inafungua tawi karibu na hospitali, na msimamizi wake atatajwa Jumamosi. Aliyesema ni shemeji, mume wa dada yangu na mwenye studio, leo asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni. Wagombea tuko wawili: mimi na Konokono.

Konokono ni mpiga picha wetu. Jina nilimpa mimi. Akitaka kupunguza picha, huifungua moja, huitazama kama daktari anayetazama ulimi, huipunguza, huihifadhi, hunywa maji, ndipo afungue ya pili. Shemeji anasema huo ndio umakini. Mimi nasema huo ni ugonjwa.

Mtihani wetu ni shule ya mtaa wa nyuma. Inataka picha za wanafunzi wote ziwe ndogo, za mraba, za kubandika kwenye vitambulisho. Shemeji aliuliza nani anaiweza. Niliinua mkono kabla hajatema povu. Konokono akasema aachiwe huyo, ila haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Shemeji akatuambia methali tukazipigie nje, wateja wanaingia.

Nimekabidhiwa kompyuta kubwa. Mwisho Ijumaa. Nimeanza kwa usafi: kila folda iliyozagaa kwenye skrini nimeitia ndani ya folda ya shule. Skrini sasa inang'aa kama meza ya waziri.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata programu. Ya bure, ndogo, dirisha moja tu. Unaiburutia folda, unaandika upana, unaandika urefu, unabonyeza. Inapunguza picha zote kwa mpigo mmoja, wewe umekunja mikono. Nilianza na picha za paka wa jirani. Paka alipungua bila kulalamika.

Mtu mwaminifu angemweleza shemeji. Lakini kazi iliyokwisha kabla chai haijapoa, nani ataiita kazi? Mpango ni huu: nibonyeze leo, nikabidhi Ijumaa, macho yakiwa mekundu. Katikati hapo nipumzike. Nimegeuza skrini iangalie ukuta. Nimeanza kuguna.

Programu ina maswali matatu. La kwanza: ilinde uwiano wa upana na urefu? Shule inataka mraba, uwiano wa nini? Nikakataa. La pili: iingie na kwenye folda za ndani? Iingie, ijisikie nyumbani. La tatu: picha ndogo zichukue nafasi ya zile za zamani? Zichukue. Kompyuta imejaa hadi shingoni na mimi sipendi vitu viwili viwili. Pikseli mia tatu kwa mia tatu. Nikabonyeza.

Dada alinikuta nimelala kwenye kiti cha wateja. Nikamweleza kwamba nimefumba macho ili yapoe. Akasema pole sana mdogo wangu, akaniletea mto.

Jumatano, 6 Machi

Nimeguna tangu tulipofungua. Konokono aliniuliza kama nina gesi.

Mchana akaingia mama wa bibi harusi wa juzijuzi. Anataka picha moja tu: yeye, binti yake, na katikati baba yake, yaani babu wa bibi harusi, amesimama. Mzee huyu hutumia kiti cha magurudumu. Siku ya harusi aliwaambia wamwinue, kwamba hapigwi picha na mjukuu wake akiwa ameketi kama mzigo wa kupakiwa. Wakamwinua, wakamwachia, akasimama peke yake. Konokono akabonyeza. Mzee akaketi. Hakuna picha nyingine kama hiyo.

Sasa Jumatatu mzee anakwenda kupasuliwa, na familia nzima inamwambia alisimama. Yeye anasema wanamdanganya ili kumpa moyo. Anataka ajione kwa macho yake kabla ya kisu. Macho yenyewe hayaoni vizuri, kwa hiyo picha iwe kubwa kama mlango. Jumamosi atakuja mwenyewe.

Shemeji akaniambia niifungue. Nikatafuta folda ya harusi. Ilikuwa ndani ya folda ya shule. Usafi wangu wa Jumatatu.

Picha zote zilikuwa za mraba, ndogo kama stempu. Harusi ilipigwa kwa upana, kwa hiyo watu wamebanwa kutoka kushoto na kulia. Bibi harusi amekuwa penseli. Keki imekuwa mnara wa simu. Babu amesimama, ndiyo, lakini kama mwavuli uliofungwa.

Na kadi za kamera? Hapa tuna kadi mbili tu, na desturi yetu ni moja: ukishahamisha picha unafuta kadi siku hiyo hiyo, maana kesho kuna harusi nyingine. Zilikwisha kufutwa.

Nikasimama mbele ya skrini nikakohoa. Mama wa bibi harusi, mwanamke mwenye mwili wake, akanisogeza kwa kiwiko. Akatazama. Akainama karibu. Akauliza ni nani aliyempiga picha hii. Konokono akakiri, kwa sauti ya mshtakiwa. Mama akasema tangu azaliwe hajawahi kupigwa picha ikamtoa kama alivyo. Akasema anaitaka hiyo hiyo, asiguswe hata kidole. Akaondoka akitembea kama msichana.

Shemeji aliniuliza mbona watu wamekonda. Nikamwambia ni skrini, inahitaji kupumzishwa.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna tatizo. Programu inayopunguza si itaongeza? Nikaandika tarakimu kubwa kadiri kisanduku kilivyoruhusu. Ikatii. Nikachapisha picha kubwa kama mlango.

Watu wamegeuka vigae vya bafuni. Niliipeleka kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, nikamwomba aitazame kutoka mbali. Akasema ni ghorofa. Nikamwambia atazame vizuri. Akasema basi ni ghorofa lenye watu.

Ndipo nikapata wazo. Babu haoni vizuri. Mtu asiyeona vizuri na picha isiyoonekana vizuri wamekutana nusu njia. Nikaikunja, nikampelekea nyumbani kabla bintiye hajarudi kutoka kazini.

Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia, akaniambia niikunjue. Aliisogelea na kiti chake hadi pua ikagusa karatasi. Akarudi nyuma. Akapapasa. Kisha akasema: "Kijana, nilisema sioni. Sikusema mimi ni mjinga."

Akauliza kabati hili ni la nani. Nikamwonyesha kigae cha kijivu, nikamwambia huyu ni wewe mzee, umesimama. Akasema hata na mimi wamenipanga, kwamba wanaye mpaka mtu wa studio wa kuja kumdanganya. Akaniambia niende na kabati langu.

Njiani sikuwa na hamu ya kuguna.

Ijumaa, 8 Machi

Shule imezikataa picha. Mwalimu mkuu amekuja mwenyewe. Watoto walipigwa wima, kwa hiyo wao, kinyume na harusi, wametanuka. Aliuliza tumewalisha nini. Alisema mlinzi wa getini hatamruhusu mtoto hata mmoja kuingia na uso huo. Shemeji alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama dada, kama mtu anayetafuta risiti ya kurudishia bidhaa.

Alasiri Konokono aliweka flashi mezani kwangu. Ndani yake harusi yote na shule yote, ukubwa wake kamili. Alinakili lini? Jumatatu, niliposhika kompyuta. Akasema ukimwona mtu wa njia ya mkato amepewa usukani, funga mkanda. Hana nakala nyingine, kwa hiyo niitunze. Akasema tawi nichukue nikitaka, yeye hospitali inamtia kizunguzungu. Ila babu aione picha yake, na shemeji nimwambie mwenyewe kilichotokea. Nikamwapia.

Nitamwambia. Lakini nisimwambie mikono mitupu. Nikafungua picha ya babu. Amesimama kweli. Ngumi zimekaza, kidevu juu, kanzu imeinuka upande mmoja. Hakuna atakayembishia.

Tatizo ni pembeni yake. Binti yake amerudi kwenye mwili wake wote, naye alisema asiguswe hata kidole. Na kompyuta imekataa kunakili, inasema haina nafasi, imeshapokea harusi nyingine.

Jumamosi, 9 Machi

Saa mbili asubuhi. Nimeamka nikiwa na akili safi, na lazima niandike nilichojifunza wiki hii: kosa lilikuwa kuchanganya folda. Harusi ya watu na shule ya watu havikai kwenye folda moja. Sirudii.

Kwa hiyo leo nimeiburuta flashi peke yake, bila kuichanganya na kitu. Nimekusudia kumkondesha mama wa bibi harusi kidogo tu, na kuwasawazisha wale watoto njiani. Programu hii ni ya ajabu, inakumbuka majibu yote ya Jumanne, mara ya mwisho niliyoipa folda nzima, haikusumbui kuyaandika upya. Nimebonyeza. Nimekwenda kunywa chai. Niliporudi flashi ilikuwa nyepesi, nafasi tele. Sikuona haja ya kuifungua.

Shemeji ataichomeka saa nne, mbele ya babu na bintiye, kisha atataja msimamizi wa tawi. Shati nimelipiga pasi.