Kamera ya Mjane wa Kakoba

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Gradi, mpiga picha mwenzangu, amepata kamera mpya. Haina filamu. Anapiga picha, anakuonyesha hapo hapo mgongoni mwa kamera, na watu wanashangilia kana kwamba amefufua maiti. Mimi nimeshinda sokoni na kamera yangu shingoni. Mteja wangu pekee alikuwa mlevi aliyetaka kupigwa picha ameshika mwavuli wa mtu mwingine. Alianguka kabla sijabonyeza. Kisha kamera yangu ikafa. Betri yake, ile ndogo kama kifungo cha shati, haipatikani tena hata Mbarara.

Nimewaza sana. Dawa ya Gradi si kushindana naye kwenda mbele. Dawa ni kurudi nyuma! Nahitaji kamera ya zamani ya Kijerumani, vyuma vitupu, ile yenye kidirisha cha kulengea pembeni, isiyojua betri ni kitu gani. Hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale umeme tunausikia kwa wasafiri. Gradi atapiga picha mpaka moto wa betri umwishie. Mimi nitapiga mpaka siku ya ufufuo.

Jumatano, 5 Agosti

Mungu yuko upande wangu. Jirani yetu Bénédicte anamwoza binti yake Grâce Jumamosi ya wiki ijayo. Wiki inayofuata Bénédicte anapanda ndege kwenda Kanada. Karatasi zake za kuhamia huko zimetoka, za binti bado, na hakuna anayejua zitatoka lini. Anataka picha za harusi aende nazo kwenye baridi. Alikuwa njiani kwenda kwa Gradi.

Nilimweleza kwa upole kwamba picha zisizo na filamu hufutika zenyewe ndege inapovuka bahari. Halafu akaamua Gradi apige kanisani, mimi nipige karamuni. Nusu ya ushindi. Kamera sina, lakini hilo ni jambo dogo.

Ijumaa, 7 Agosti

Mbarara. Si jambo dogo.

Kila duka wamenicheka. Muuza vitu vya mitumba aliniapia anayo ninayoitaka. Nilipobonyeza ilinirushia maji usoni. Mwishowe fundi viatu wa mtaa wa Kakoba akanielekeza kwa mjane aitwaye Mukashema. Marehemu mume wake alikuwa na studio karibu na kambi ya jeshi, na kamera yake bado iko kabatini.

Niliingia nikilia. Nilisema mimi ni mwanafunzi wa marehemu, alinifundisha kazi, na kwamba namkumbuka alivyokuwa mrefu, akiinama kila mlangoni. Mukashema aliniacha nimalize. Kisha akanionyesha picha ukutani. Mzee alikuwa mfupi kuliko kiti alichoegemea.

"Bwana yangu hapana fundisha mtu hata moja," akasema. "Alikuwa mchoyo sana."

Lakini alinipa chai, na akaitoa kamera. Nzito kama tofali. Unatazama kwenye kidirisha, unaona sura mbili za mtu mmoja, unazungusha pete mpaka zinakuwa sura moja. Ukibonyeza inasema "tik", kwa adabu, kama mtu anayekohoa kanisani. Nilitaka kulia tena, safari hii kweli.

Pesa hataki. Anataka mbuzi jike mwenye mimba.

Sina mbuzi. Mke wangu Annonciata anaye.

Jumatatu, 10 Agosti

Nilimwambia mke wangu mbuzi anakohoa, nampeleka kwa daktari wa mifugo Mbarara. Annonciata alishangaa. Akasema hajamsikia. Nikasema ni kikohozi cha ndani.

Safari ilikuwa mbaya. Mbuzi alikula kofia ya kondakta. Mukashema akamkagua meno, akamshika tumbo, akaridhika. Nimerudi na kamera chini ya koti. Annonciata akauliza daktari amesemaje. Nikasema mbuzi amelazwa.

Jumatano, 12 Agosti

Annonciata amekutana na daktari wa mifugo sokoni Rugaaga. Kumbe ni mshirika wa kanisa la dada yake. Kumbe hajaniona tangu Pasaka.

"Baba Adolphe, mbuzi yangu iko fasi gani?"

Nilimwonyesha kamera. Nilimwonyesha sura mbili zinavyokuwa moja. Hakuguswa. Amefunga nguo zake, amemchukua mtoto wetu Adolphe, amekwenda kwa dada yake Rugaaga. Atakapoziona picha za harusi ataelewa. Nimepika ugali. Umekuwa uji.

Jumamosi, 15 Agosti

Siku yangu! Kanisani Gradi alirukaruka kama panzi, akapiga mpaka maombi. Tulipofika karamuni, kamera yake ilitoa mlio mmoja wa huzuni ikazimika. Nilimpa pole kwa sauti ya kusikika na meza zote.

Kisha nikafanya kazi. Grâce akikata keki, tik. Bwana harusi, Mihigo, akilishwa, tik. Bénédicte amemkumbatia binti yake, hataki kumwachia, tik, tik. Sijawahi kupiga picha nzuri hivi. Bibi yake Grâce, bibi Nyirabahire, alikuja mara mbili kuniambia kwamba jicho la kamera yangu limefumba. Nilimweleza kwa heshima kwamba hii ni ya Kijerumani, haifanani na za siku hizi. Akaondoka akitikisa kichwa. Wazee wana mambo.

Jumatatu, 17 Agosti

Mbarara, studio ya kusafishia picha. Kijana aliinyanyua filamu yangu dirishani. Rangi ya chungwa tupu, toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna keki. Hakuna Mihigo. Hakuna mtu.

Akaomba kuiona kamera. Akacheka mpaka akakaa chini. Kifuniko cheusi kilikuwa bado mbele ya lenzi. Kwenye kamera ya aina hii, alisema, hutazami kupitia lenzi, unatazama kidirisha cha pembeni, kwa hiyo unaweza kupiga harusi nzima umeifunika usijue.

Nilimwuliza kama filamu inaweza kusafishwa tena kwa nguvu zaidi.

Jumanne, 18 Agosti

Nilimwambia Bénédicte kwamba filamu za Kijerumani hupumzika mwezi mmoja kabla ya kusafishwa. Alikuwa akifunga sanduku. Anaondoka Jumamosi. Akaniangalia, nami nikaangalia sanduku, na uongo ukaniishia. Nikamwambia ukweli.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alikaa juu ya sanduku. Za Gradi za kanisani anazo, lakini za kumkumbatia binti yake zilikuwa kwangu.

"Ule mutoto sijui nitamuona tena lini," akasema. "Na wewe unanipa giza nibebe."

Bibi Nyirabahire, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, ndiye aliyesema. Bi harusi yupo, bwana harusi yupo, mama bado hajaondoka. Alhamisi watu wavae tena.

Alhamisi, 20 Agosti

Gauni lilikuwa la kukodi na limesharudi Mbarara. Grâce alivaa pazia la dirisha la mchungaji. Mihigo alitoka shambani, akavaa koti la suti juu ya mabuti ya matope. Keki iliisha zamani, tukaweka mkate wa ngano juu ya sufuria. Sahani zilikuwa tupu, na wageni walitafuna hewa kwa bidii kubwa. Gradi alikuja kucheka, akalazimishwa kushika mwavuli juu ya maharusi. Annonciata alitokea Rugaaga. Hakunisalimu, lakini aliimba.

Bibi Nyirabahire alikitoa kifuniko mwenyewe akakifunga kwenye pindo la kitenge chake. Amegoma kunirudishia.

Watu walicheka kuliko siku ya harusi yenyewe. Kisha Bénédicte akalitengeneza pazia kichwani mwa binti yake, polepole, na kicheko kikaisha. Nikazungusha pete mpaka sura zikakutana. Nilichelewa kubonyeza. Sijui kwa nini. Halafu, tik.

Jumamosi, 22 Agosti

Jana nilikwenda Mbarara na kurudi. Zimetoka! Zote! Leo asubuhi nilimkuta Bénédicte penye gari la safari na kumpa bahasha. Alicheka alipoona mabuti. Alipofika ile ya pazia hakucheka. Aliitia kifuani ndani ya nguo, mbali na sanduku, akamshika Grâce mkono kupitia dirishani mpaka gari likaondoka.

Annonciata amerudi nyumbani. Anasema amerudi kwa ajili ya kuku.

Jumapili, 23 Agosti

Mchungaji amehubiri juu ya uongo na kiburi, akinitazama. Nimetafakari kwa unyenyekevu mkubwa. Fundisho liko wazi: harusi ya kwanza ni mazoezi tu! Nakivale imejaa wanandoa ambao picha zao ni mbaya au hazipo. Nitawaoza wote upya. Gradi ataajiriwa kushika mwavuli.

Kinachokosekana ni lenzi pana, ya kuingiza ukoo mzima. Nimesikia mzee mmoja wa Ngarama, Rugamba, anayo inayoingia kwenye kamera hii hii. Pesa hataki. Anataka cherehani.

Annonciata ana cherehani. Na Jumatano anashinda kwenye mazoezi ya kwaya.