Jengo Safi Linasubiri Kampuni

Jumatatu, 4 Machi
Bahati imebisha hodi! Kampuni ya mashine za kupimia maji inatafuta mahali mtaani kwetu. Meneja wao atakagua majengo mawili: langu la urithi, na ghala la shemeji, mdogo wa mke wangu, lenye paa linalovuja. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mke wangu hakucheka. Amesema jengo likiendelea kukaa tupu, tunauza. Jengo la marehemu baba! Haki ya nani, haliuzwi.

Jumanne, 5 Machi
Usafi. Nimeanza na mafundi na wanafunzi wa chuo cha ufundi wanaojazana barazani kwangu. Kutwa kulehemu nyaya, kubishana, kuazimana vifaa. Aibu tupu! Mkubwa wao, mama mmoja wa miwani, aliuliza waende wapi. Nikamwambia popote. Wakavuka barabara, kwa shemeji. Wamefaana.

Jumatano, 6 Machi
Rangi mpya. Bango: KITOVU CHA UBUNIFU. Viti vya kuzunguka pia. Nimevijaribu vyote mpaka nikasikia kichefuchefu.

Alhamisi, 7 Machi
Meneja kaja. Nikamwonyesha vigae, bango, viti. Akaitikia kwa adabu, macho yakiwa barazani.
"Wale mafundi wako wapi?"
Nikamwambia kwa fahari kwamba nimewatimua.
Akaeleza kwamba ofisi nzuri zimejaa kila mji, tena za bei nafuu. Wao wanafuata watu: mashine ikigoma asubuhi, awepo jirani wa kuumiza naye kichwa. Wanataka chuo karibu, hata washindani wao karibu. Maneno mengi! Akavuka barabara.

Ijumaa, 8 Machi
Wamechukua ghala la shemeji. Lenye ndoo sakafuni! Amepita kunisalimu, anatabasamu.
"Shemeji, asante kwa wageni ulioniletea."
Roho imeniuma hadi nimeshindwa kula. Mke wangu keshapata mnunuzi wa jengo. Ni huyohuyo mdogo wake.

Jumamosi, 9 Machi
Nimembembeleza mke wangu, kanipa nafasi ya mwisho. Jumatatu inakuja kampuni nyingine. Yule mama wa miwani alikuja kuuliza kama baadhi yao wanaweza kurudi barazani, kwa shemeji pamejaa. Nikamfukuza, sina muda wa porojo. Siri ya shemeji nimeshaijua.
Nimeshinda juu ya paa na nyundo na msumari. Sasa linavuja kuliko lake. Kesho nanunua ndoo.