Mpaka wa Wilaya Uliomchukua Mke Wangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Mipaka,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kugawa nchi. Mimi ni seremala, mume wa mke mmoja na mkazi wa wilaya mbili. Wapima wenu walipita kwangu na rangi nyekundu, wakachora mstari uliokata korido. Sebule na chumba chetu cha kulala vimebaki wilaya ya zamani. Jiko, choo na chumba cha nyuma vimekwenda wilaya mpya.

Mwanzoni sikuona tatizo. Kwenye mkutano wa hadhara nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono wilaya igawanywe, maana wilaya mpya huhitaji ofisi, na ofisi huhitaji meza. Bahati mbaya, asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nitapinga, kwa sababu kwao kungebaki ng'ambo. Naye alikuwa ameketi nyuma yangu. Jioni ya siku wapima walipochora mstari, alibeba godoro akahamia chumba cha nyuma. "Si ulitaka igawanywe? Haya, imegawanyika." Amerudi kwao bila kutoka nyumbani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nikiomba chai, naambiwa nipitishe maombi kwenye wilaya yangu. Wilaya yangu, Mheshimiwa, ina makochi na redio.

2. Nikienda chooni lazima nipige hodi mpakani, kisha naulizwa ninakwenda kwa shughuli gani. Kuna maswali ambayo mtu mzima hawezi kuyajibu akiwa na haraka.

3. Wilaya mpya imeshaajiri. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, amewasili na masanduku yake kusaidia uongozi. Mimi nilikuwa na paka, naye amehamia ng'ambo kufuata samaki.

4. Hili naliandika bila mzaha. Kitanda chetu nilikiranda kwa mikono yangu kabla ya harusi, nikakifanya kipana makusudi. Sasa najibana pembeni kana kwamba yupo. Nina hamu na mke wangu, na nimeulizia pale wilayani, hakuna idara inayoshughulikia jambo hilo.

Kwa hiyo naomba mpaka usogezwe hadi nyuma ya choo. Ikishindikana, nyumba yangu itangazwe kuwa wilaya inayojitegemea, makao makuu yakiwa kitandani. Hilo nalo likishindikana, wilaya zote zifutwe, mikoa ifuate, tubaki nchi isiyo na mistari. Itisheni mkutano tu, mkono nitanyoosha.

Nisalimie makamishna wote, wapima, dereva wao aliyekanyaga mchicha wetu, na mama watoto wako, kama bado mko wilaya moja.

Wako mtiifu wa upande wa makochi,
Seremala

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Shemeji ametangaza kwamba wilaya mpya ni kubwa mno kuongozwa na mtu mmoja. Amechora mstari wake wa chaki katikati ya jiko, na sufuria zote zimeangukia kwake. Mke wangu amevuka korido sasa hivi, godoro kichwani, anaomba hifadhi. Habari ya mkono wangu amesema tutaizungumza kesho. Nimempokea bila kumuuliza shughuli. Tafadhali, Mheshimiwa, mpaka usiguswe hata kidogo. Na kama rangi ilibaki, wapima warudi upesi, maana mstari wa korido umeanza kufutika.